Kutoombwa nywila si kupewa ruhusa: ufafanuzi kuhusu kusakinisha programu kwa amri

Tangu muhula huu ufunguliwe, kitengo chetu cha TEHAMA hapa Tabora kinapokea malalamiko yanayofanana: kompyuta imekuwa nzito, kivinjari kinajifungulia matangazo, mafaili ya kwenye flashi yamegeuka njia za mkato. Ukiuliza programu zilitoka wapi, unajibiwa ni steshenari ya karibu na stendi, au "kuna mtu alinirushia". Tunaamini hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini njia safi ipo, ni ya bure, na haihitaji flashi ya mtu.

Windows inaweza kusakinishiwa programu kwa amri za maandishi. Zana za kazi hiyo ziko kadhaa. Winget ni ya Microsoft yenyewe. Chocolatey, iliyoanza mwaka 2011, kwa kawaida hutaka haki za msimamizi wa kompyuta (administrator). Kwa programu za kubebeka, yaani zile zinazokaa kwenye folda yake bila kutawanya vitu ndani ya mfumo, tunashauri Scoop. Hii huweka kila kitu kwenye folda iitwayo scoop ndani ya akaunti yako.

Fungua PowerShell, dirisha la Windows la kuandikia amri, kwa kawaida. Usiifungue kama msimamizi, Scoop itakataa. Andika:

Set-ExecutionPolicy -ExecutionPolicy RemoteSigned -Scope CurrentUser
Invoke-RestMethod -Uri https://get.scoop.sh | Invoke-Expression

Kisha:

scoop install git
scoop bucket add extras
scoop install sumatrapdf vlc

Git, programu ambayo Scoop huitumia kuvuta orodha za programu, inatangulia kwa sababu bila hiyo huwezi kuongeza ghala la extras, na humo ndimo zilimo programu nyingi zenye madirisha ya kubofya. Kabla ya kusakinisha, Scoop hulinganisha alama ya SHA-256 (msimbo unaobadilika faili likibadilishwa) ya faili lililopakuliwa na ile iliyoandikwa kwenye maelezo ya programu. Zikitofautiana, kazi inasimama. Msifute ujumbe huo na kujaribu mara kumi, wala msituletee kompyuta mkisema Scoop ni mbovu. Imefanya kazi yake.

Wanaohesabu bando wazingatie kwamba scoop update peke yake huhuisha Scoop na orodha zake tu. Scoop update * ndiyo inayopakua matoleo mapya ya programu. Matoleo ya zamani hubaki yakijaza diski hadi uandike scoop cleanup *.

Sasa tuseme wazi, maana tumechoka kulirudia dirishani. Programu ya kubebeka si programu iliyokrakiwa, yaani iliyovunjwa ulinzi wake ili itumike bila leseni. Pia, kunakili folda nzima ya scoop kwenye flashi na kuichomeka kwenye kompyuta ya mwenzako hakutafanya kazi kama mnavyodhani: njia za kuzifikia programu zimeandikwa kwa anwani ya folda ya kompyuta ya kwanza. Mwenzako aandike amri zake mwenyewe. Ni dakika chache.

Kuhusu zilizokrakiwa, kifungu cha 24 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinahusu ukiukaji wa haki miliki kupitia mfumo wa kompyuta. Pasipo biashara, adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Pakiwa na biashara, faini haipungui shilingi milioni 20, au kifungo kisichopungua miaka 5, au vyote viwili. Wenye steshenari wanaouza programu za namna hiyo kwa buku mbili wajipime wenyewe wako fungu gani.

Kwa kompyuta yako binafsi, maelezo ya juu yanatosha. Kwa kompyuta ya ofisi au ya maabara, Scoop kutokuomba nywila ya msimamizi hakumaanishi umeruhusiwa. Utaratibu ni huu: mtumiaji anajaza fomu ya maombi, msimamizi wake wa kazi anasaini, fomu inapita masjala, ndipo inafika kwetu. Tukikuta programu isiyo na fomu tutaiondoa, na mhusika ataandikiwa barua ya kujieleza. Mafaili yake hatutayagusa.

Kwenye fomu, jina la programu liandikwe kama linavyotokea kwenye scoop search. "Ile ya kufungulia PDF" si jina, na fomu za namna hiyo zinarudishwa masjala bila kusomwa zaidi.