Kuhamia programu huria: anza na mafaili, mfumo endeshi uache mwisho

Anayetaka kuachana na programu za kulipia kwa kawaida huuliza ni programu gani ya bure inayofanana na ile aliyoizoea. Jibu la swali hilo ni jepesi na limejaa mtandaoni. Swali gumu, ambalo wengi hulisahau, ni hili: mafaili yangu yako katika mfumo gani, na ni nani mwingine anayeyafungua? Kusakinisha programu mpya ni kazi ya dakika chache. Kinachomrudisha mtu alikotoka ni lahajedwali ya ofisi yenye makro (amri zilizoandikwa ndani ya faili ili zijiendeshe zenyewe), au barua ambayo mistari yake imehama na sahihi ikaangukia ukurasa wa pili.

Bure na huria ni vitu viwili. Programu ya bure hailipiwi leo, lakini mwenyewe anaweza kubadili masharti kesho. Programu huria hutolewa chini ya leseni inayomruhusu yeyote kuitumia kwa kazi yoyote, kuusoma msimbo wake, kuubadili na kuusambaza. Ruhusa hiyo ina maana kubwa hata kwa asiyejua kuandika msimbo. Mwaka 2010, baada ya OpenOffice.org, programu huria ya kazi za ofisi, kuingia mikononi mwa kampuni ya Oracle, sehemu kubwa ya waliokuwa wakiijenga walichukua msimbo uleule wakaanzisha LibreOffice, na hati za zamani zikaendelea kufunguka kama kawaida. Kwa upande mwingine, DaVinci Resolve ina toleo la bure lililo zuri sana kwa kuhariri video, ila si huria. Huria nayo si lazima iwe bila bei: LibreOffice iliyo kwenye duka la programu la Apple hutozwa ada, ingawa tovuti yake rasmi inaitoa bila malipo.

Programu iliyovunjwa leseni haimo katika kundi lolote kati ya hayo. Vile vijiprogramu vya kuamsha leseni kwa ujanja huomba haki za msimamizi, tena hukutaka uzime kinga ya virusi kwanza. Ukishakubali hayo mawili, hakuna tena kinachomzuia aliyevitengeneza kufanya atakalo ndani ya kompyuta yako.

Hati na lahajedwali

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo tutakaa kidogo. LibreOffice ina Writer kwa hati, Calc kwa lahajedwali, Impress kwa slaidi na Draw kwa michoro. Mfumo wake wa asili wa mafaili (.odt, .ods na .odp) ni kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 26300, tangu 2006. Hufungua na kuhifadhi .docx, .xlsx na .pptx pia.

Kabla hujaiondoa programu ya zamani, chagua mafaili kumi hivi, na uchague yale yenye matata: hati yenye jedwali na nembo kichwani, lahajedwali yenye fomula zinazovuka kurasa, slaidi zenye michoro. Yanakili kwenye folda ya pembeni, ufungue nakala, uzilinganishe na asili ukurasa kwa ukurasa.

Ukiona maandishi yamehama, mtuhumiwa wa kwanza ni fonti. Calibri na Cambria ni mali ya Microsoft na haziji na LibreOffice. Badala yake kuna Carlito na Caladea, zilizochorwa ili kila herufi iwe na upana uleule wa mwenzake, kwa hiyo mstari hukatika palepale. Liberation Sans na Liberation Serif zinafanya vivyo hivyo kwa Arial na Times New Roman. Inayosumbua zaidi ni Aptos, ambayo Microsoft iliifanya fonti ya kawaida ya Office mwaka 2023: kompyuta isiyo nayo huweka fonti yenye upana tofauti, na hati ya kurasa kumi inakuwa ya kumi na moja. Kugundua ni rahisi. Weka kishale kwenye maandishi, utazame kisanduku cha jina la fonti juu. Jina likiwa limeandikwa kwa mlazo, fonti hiyo haimo kwenye kompyuta yako. Kubalianeni na wenzako kutumia fonti ambayo kila mmoja anayo, au ipachike ndani ya hati kupitia "File", "Properties", kisha kichupo cha "Font".

Kosa la pili ni kuirusha hati huku na huko kati ya mifumo. Kila inapobadilishwa kutoka .docx kwenda .odt na kurudi, kitu kidogo hupotea: nafasi ya picha, mtindo wa orodha, maoni ya pembeni. Amua mfumo mmoja. Kama wenzako wote wanatumia Word, ingia "Tools", "Options", "Load/Save", "General", na katika sehemu ya "Always save as" uchague mfumo wa Word kwa hati na wa Excel kwa lahajedwali. Kama unaandika peke yako, baki na .odt na uwatumie wengine PDF. Kwenye dirisha la kutengeneza PDF kuna chaguo la "Hybrid PDF" ambalo wengi hawalijui: faili linalotoka husomwa na yeyote kama PDF ya kawaida, lakini likifunguliwa kwa LibreOffice huhaririwa kama hati. Kwa kumbukumbu za ofisi ndogo, sijui kama kuna njia nyepesi kuliko hiyo.

Calc inatosha kwa sehemu kubwa ya kazi za hesabu. Ina safu mlalo 1,048,576 sawa na Excel, na tangu toleo la 24.8, lililotoka 2024, ina XLOOKUP na FILTER, fomula ambazo kukosekana kwake kulikuwa kukiharibu mafaili mengi yaliyotoka Excel. Kwa hiyo hakikisha toleo lako si la zamani zaidi ya hapo. Pia fahamu kwamba Calc, isipoelekezwa vingine, haikokotoi upya faili la Excel inapolifungua. Huonyesha majibu yaliyohifadhiwa mara ya mwisho. Namba zikionekana za jana, bonyeza Ctrl+Shift+F9.

Kuna mahali inaposhindwa, na heri kusema mapema. Makro za VBA, lugha ya makro ya Microsoft Office, hufanya kazi kwa sehemu tu: zile fupi za kupanga na kunakili mara nyingi hupita, zenye fomu na vitufe mara nyingi hukwama. Power Query na Power Pivot, zana za Excel za kukusanya na kuchambua data, hazimo kabisa. Idara ambayo ripoti yake ya mwezi inategemea mambo hayo ibakize leseni moja au mbili kwa wanaotengeneza ripoti hiyo, na wengine wote wahamie.

Kuhusu sura ya programu, anayelalamika kwamba vitufe vimekaa kizamani aende "View", "User Interface", achague "Tabbed". Lalamiko litaisha siku hiyohiyo.

Picha na michoro

GIMP ndiyo hutajwa badala ya Photoshop, na inastahili, lakini watu hukwama kwa jambo dogo sana: Ctrl+S huhifadhi .xcf, faili la kazi lenye matabaka yote, ambalo simu na tovuti hazilifungui. Kupata JPEG au PNG, tumia Ctrl+Shift+E. Hifadhi yote mawili; ukibaki na JPEG pekee, siku ukitaka kurekebisha maandishi juu ya picha huwezi, kwa kuwa yamekwisha yeyuka ndani yake. GIMP hufungua mafaili ya .psd, ila baadhi ya matabaka ya marekebisho huenda yakapotea au yakageuka picha tupu. Picha huhaririwa katika RGB, rangi za skrini, basi kazi ya kiwanda cha uchapaji inayodai CMYK, rangi za wino, tangu mwanzo hadi mwisho ni afadhali ifanyiwe Krita, programu nyingine huria ya kuchora.

Nembo, vibandiko na mabango yasichorwe kwa GIMP. Hiyo ni kazi ya Inkscape, inayochora kwa mistari na kuhifadhi SVG, hivyo mchoro hukuzwa bila kupasuka. Kupanga kurasa za vitabu na majarida kuna Scribus. Haifungui .indd ya InDesign, programu ya kulipia ya kazi hiyo, bali husoma IDML, mfumo mwingine wa faili ambao InDesign hutoa, kwa hiyo mwombe mwenye faili akutolee IDML wakati programu yake bado inafanya kazi.

Kwa video na sauti hapana mengi ya kusema. VLC hucheza karibu kila kitu bila nyongeza. Audacity hukata na kusafisha sauti. Mradi wake ni faili la .aup3, nalo pia si la kumtumia msikilizaji. OBS Studio hurekodi skrini. Kdenlive na Shotcut zinatosha kwa video za mafunzo na matangazo madogo, lakini mradi uliokwisha anzwa kwa Premiere, programu ya kulipia ya Adobe, umalizie hukohuko.

Kubana mafaili na kutunza nywila

7-Zip hubana na kufungua. Hufungua RAR, haitengenezi RAR, na hilo linatokana na masharti ya leseni ya mfumo huo. Ukiweka nywila kwenye faili la .zip, badili njia ya usimbaji kutoka ZipCrypto, iliyo dhaifu, uweke AES-256. Ukitaka hata majina ya mafaili ya ndani yafichwe, tumia .7z na uweke alama kwenye "Encrypt file names", maana .zip haina uwezo huo.

7-Zip haijisasishi yenyewe. Toleo la 24.09 liliziba tundu lililoweza kuifanya Windows isitoe onyo kwa faili lililotoka mtandaoni, lakini aliyesakinisha miaka iliyopita na kusahau bado analo tundu hilo. Kwenye Windows, amri ya winget upgrade --all husasisha kwa pamoja programu nyingi za aina hii.

KeePassXC hutunza nywila zote ndani ya faili moja la .kdbx. Nywila kuu ukiisahau, hakuna ofisi ya kupigia simu. Faili likiharibika bila nakala, hali ni ileile. Weka nakala mbili mahali tofauti tangu siku ya kwanza.

Kupakua bila kutapeliwa

Ukiandika jina la programu kwenye mtambo wa kutafutia, majibu ya juu huenda yakawa matangazo yaliyolipiwa, na wezi hulipia matangazo kama wafanyabiashara wengine. Andika anwani mwenyewe: libreoffice.org, gimp.org, inkscape.org, videolan.org, 7-zip.org (yenye kistari), keepassxc.org. Miradi mingi huchapisha pia alama ya SHA-256, herufi na tarakimu 64 zinazobadilika kabisa faili likiguswa hata kidogo. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri uandike:

certutil -hashfile jina-la-faili SHA256

Kwenye Linux, mfumo endeshi huria, ni sha256sum jina-la-faili. Linganisha na ile ya tovuti. Zikitofautiana, futa faili upakue tena. Zikitofautiana mara ya pili, usilifungue.

Mfumo endeshi

Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0, kijenzi cha usalama cha kompyuta, ambayo kompyuta nyingi nzima za zamani hazina. Kwa mashine kama hizo Linux Mint, mojawapo ya matoleo ya Linux, ni chaguo la busara: inahitaji RAM ya GB 2, ingawa kwa raha ni 4, na nafasi ya diski isiyopungua GB 20. Aliyekwisha zoea LibreOffice, GIMP na VLC akiwa bado Windows atazikuta zilezile huko. Aliyebadili vyote kwa siku moja hajui lawama ampe nani.

Pakua faili la ISO, yaani faili moja lenye mfumo mzima, lihakiki, kisha uliandike kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya Rufus. Kila kilichomo kwenye flashi kitafutika. Washa kompyuta ukigonga kitufe cha menyu ya kuwashia, mara nyingi F12, F10 au Esc, uchague flashi. Mint itaanza bila kugusa diski. Jaribu waifai, sauti, kamera na printa, kisha funga kifuniko cha kompyuta mpakato uone kama inalala na kuamka. Kasi usiipime hapo, kwa kuwa flashi huenda polepole kuliko diski.

Ikiwa diski ya Windows imesimbwa kwa BitLocker, kinga ya Windows ya kufunga diski, tafuta na kuandika ufunguo wake wa tarakimu 48 kabla hujabadilisha chochote kwenye mipangilio ya kuwashia. Badiliko dogo tu linaweza kuifanya Windows iudai. Ukitaka mifumo yote miwili ikae pamoja, zima "Fast startup" ya Windows, la sivyo Linux itaisoma diski ya Windows lakini haitaruhusu kuandika humo. Saa ya Windows ikianza kuonyesha muda usio sahihi kila unapotoka Linux, tatizo ni kwamba Linux hutunza saa ya mashine kwa UTC, saa ya kimataifa, na Windows kwa saa za mahali ulipo. Ndani ya Linux, andika mara moja tu timedatectl set-local-rtc 1.

Kwenye dirisha la kusakinisha, "Install alongside" hubakiza Windows, na "Erase disk" hufuta diski nzima pamoja na sehemu ya kuirejesha Windows. Nakala ya mafaili yako iwe kwenye diski ya nje, na diski hiyo uwe umeichomoa kabla ya kubonyeza.