Sifa iliyokwenda kombo

Mume mmoja alitoka kazini Ijumaa, akapitia Biashara Street, akamnunulia mkewe doti ya leso. Aliichagua ya zambarau kwa sababu siku moja alimsikia akisema rangi hiyo humkaa vizuri. Akafika nyumbani na furaha yake, akampa mkononi. Mke akaikunjua, akasoma jina, yaani maneno yaliyochapishwa juu yake: "Mdhaniaye ndiye kumbe siye."

Siku tatu hawakusemezana. Walipokuja kwangu, mke alikuwa na ile leso ndani ya mkoba, kama mtu anayepeleka ushahidi kwa kadhi.

Ni miaka 19 sasa nashauri wanandoa hapa Mombasa, na kisa hiki nakisimulia kwa idhini yao, kwa kuwa kimenifundisha namna ya kulieleza jambo ambalo hapo kabla nilikuwa nikilizunguka tu. Leso ina pindo la kuizunguka, ina mji wa katikati, ina jina. Yule bwana alitazama pindo na mji, akaona uzuri. Mkewe, kama mwanamke yeyote wa hapa, alianza na jina. Hakuna aliyesoma vibaya. Walisoma sehemu mbili za nguo moja.

Sifa nyingi za ndani ya nyumba huharibika hivyo hivyo. Mtu ameona kitu kwa mwenzake na moyo umemfurahi. Anataka kukisema, maneno hana, basi anaokota yaliyo karibu. Na maneno yaliyo karibu yameshachapishwa na wengine.

"Leo hata wapendeza." Ondoa "hata", ni sifa safi. Iache, na mwanamke atalala akiihesabu miaka yote ambayo kumbe hakuwa akipendeza. "Pilau yako leo imeikaribia ya mama." "Umenenepa, mashallah": huyu alilelewa na wazee ambao kwao mke kunawiri ni dalili ya kutunzwa, naye amwambia mwanamke anayeamka alfajiri kwenda kutembea ufukweni Mama Ngina apunguze mwili. Wake nao hawako nyuma. Nimemsikia mmoja akimsifu mumewe mbele ya mawifi: "Mume wangu hana kitu, lakini roho yake nzuri." Aliniapia kwamba alikuwa akimpandisha, na nilimwamini. Mume alisikia "hana kitu" peke yake, na kwa miezi akawa harudi nyumbani ila usiku.

Ukizichunguza sifa hizi, karibu zote zina mizani ndani yake. Leo na jana. Wewe na mama. Wewe na waume wa wenzangu. Asiyezoea kusifu hukimbilia kulinganisha, kwa sababu kulinganisha hakuhitaji maneno mengi. Msikilizaji naye hukimbilia upande wa pili wa mizani: kwani jana nilikuwaje? Bibi harusi wetu hupata somo wa kumfunda maneno matamu na namna ya kuyasema. Bwana harusi hupewa nasaha chache juu ya matumizi na subira, basi. Kisha twamtaka aseme kama malenga. Wako wanaume ambao sifa yao yote ni kusogeza sahani waongezewe, na mke aliyeijua lugha hiyo hana njaa ya maneno.

Kupokea nako ni kugumu, hata sifa ikiwa nzuri. Mwaka 1978 Mmarekani Anita Pomerantz, mtafiti wa mazungumzo, alieleza kwamba anayesifiwa huvutwa pande mbili: adabu yamtaka akubaliane na aliyesema, na adabu hiyo hiyo yamkataza kujisifu. Ndiyo maana ukimwambia mtu deira lake zuri, atakujibu, "Ah, hili la zamani." Kwetu kuna uzito wa tatu, nao ni jicho. Sifa isiyofuatwa na mashallah humshtua mtu, hata itoke kwa mumewe. Basi wengi wetu tumelelewa kuikwepa sifa kabla haijatua, na iliyokwenda kombo hutupa sababu nzuri ya kuikwepa.

Nami nilifanya hivyo. Usiku wa kupamba wa binti yangu nilitoka chumbani na hina yangu na asumini kichwani, na mume wangu akaniambia, "Umependeza mpaka sikukujua." Nikamjibu, "Kwani siku zote nilikuwa nani?" Nikaondoka. Alikuwa amesimama kizingitini na macho yamemlenga machozi, nami niliyaona, nikachagua kuyasikia maneno. Usiku ule naujutia hadi leo.

Hivyo ninachowaomba wateja wangu ni hiki: pokea kwanza kile mwenzio alichokiona, kisha muulize. "Ahsante. Kipi kilichokupendeza?" Useme kwa sauti ya mtu anayetaka kujua, si ya hakimu. Yule bwana wa pilau alipoulizwa hivyo mbele yangu, alinyamaza kitambo, halafu akasema kwamba harufu ya bizari ilimpata angali kwenye ngazi, akakumbuka Idi za utotoni, baba yake angali hai na nyumba imejaa watu. Alichokuwa akimwambia mkewe ni kwamba nyumba yao imekuwa mahali kama pale. Miaka 11 ya ndoa, na mke hakuwahi kulisikia hilo.

Swali hilo lina nguvu kuliko linavyoonekana. Mwaka 2007 Denise Marigold na wenzake huko Kanada walichapisha uchunguzi juu ya watu wasiojithamini sana. Walipotakiwa kuieleza tu sifa waliyopewa na wapenzi wao, haikuwasaidia kitu. Walipotakiwa waeleze kwa nini mwenzao aliwastahi na hilo lina maana gani kwao na kwa uhusiano wao, walijiona bora na wakajisikia salama zaidi na wenzao. Kwa maoni yangu, mwenye kujidharau ndiye hasa anayeisikia "hata" kabla ya "wapendeza", na ndiye anayehitaji zaidi kuuliza.

Ile mizani hairudishwi papo hapo. Ngoja hata kesho, mkinywa chai na mahamri, useme kwa ufupi: "Nilifurahi jana. Siku nyingine nisifu mimi, mama umwache." Sentensi moja yatosha. Ukifungua hesabu ya tangu mlipooana, hatasifu tena, na wala hutamlaumu.

Lakini kuna maneno ambayo sikushauri uyapokee. Yakirudi palepale unapoumia, mbele ya watu, yafuatwe na kicheko, na wewe umeshamwambia kwa upole kwamba yanakuumiza, hicho ni kijembe kilichovishwa sifa. Usikitafutie mji wala pindo. Mwambie mkiwa wawili kwamba hukitaki, na asipokoma mtafute mzee mnayemheshimu wote wawili, au mshauri.

Kwa anayesifu nina machache: taja kitu chenyewe, achana na "hata" na "lakini", mtie mashallah yake, kisha nyamaza.

Wale wa leso bado wako pamoja. Leso yenyewe mke hatoki nayo nje, lakini kipande kimoja hujifunga jikoni akikaanga mahamri, kwa sababu zambarau kweli humkaa vizuri. Na mume siku hizi akifika Biashara Street humwomba muuzaji aikunjue leso yote, akapiga picha jina, akalituma nyumbani, na hatoi pesa mpaka jibu lirudi.