Udongo mweusi wa mbuga kusini mwa Ziwa Viktoria: dhana potofu na ukweli

Ukishuka kutoka kwenye vilima vya mawe vya Mwanza kuelekea Misungwi, Kwimba au Magu, ardhi hubadilika hatua kwa hatua. Juu kuna kichanga chepesi ambacho Wasukuma hukiita luseni; chini ya mteremko huwa kuna udongo uliokakamaa unaoitwa ibambasi; na bondeni kabisa, panapotuama maji wakati wa masika, umelala udongo mweusi mzito wa mbuga. Huu wa mwisho ndio unaosemwa mengi na kueleweka kidogo, na watu huamua mambo makubwa juu yake, kama vile kununua kiwanja, kuchagua zao au kukopa fedha za kilimo, kwa kuangalia rangi yake tu. Wataalamu wa udongo wanauweka katika kundi la vertisoli, na kinachouingiza katika kundi hilo si weusi wake bali mwendo wake: huvimba unapolowa, hunywea na kupasuka unapokauka. Dhana nyingi potofu kuuhusu hutokana na kuusahau mwendo huo.

Dhana: udongo mweusi ni udongo wenye rutuba

Dhana hii ina mantiki yake, kwa kuwa msituni au kwenye jalala la zamani udongo mweusi kweli huwa umejaa mboji. Mbugani hali ni tofauti. Kiasi cha mboji katika vertisoli kwa kawaida ni kidogo, mara nyingi hakizidi asilimia 3 na pengine hakifiki hata asilimia 1, lakini kiasi hicho kidogo hushikamana na chembe laini za mfinyanzi kwa namna inayoupaka udongo wote rangi ya kiza. Kwa hiyo mkulima anayeacha kuweka mbolea ya naitrojeni kwa kuwa shamba lake ni jeusi anajinyima mavuno, maana naitrojeni ndiyo kirutubisho kinachokosekana zaidi katika udongo huu, na fosforasi na zinki mara nyingi hufuata.

Hata hivyo, kuuita udongo huu maskini ni kosa jingine. Mfinyanzi wake una uwezo mkubwa wa kushika kalisi na magnesi, virutubisho ambavyo kwenye luseni huoshwa na mvua upesi. Shida yake hasa ni ya kimaumbile: ukiwa mkavu jembe linadunda, ukilowa linazama na kunasa, na kati ya hali hizo mbili kuna siku chache tu ambazo unalimika vizuri. Naitrojeni nayo ina adui wa pekee mbugani, yaani maji yaliyotuama, kwa sababu udongo unapokosa hewa bakteria hugeuza nitrati, yaani naitrojeni iliyo tayari kufyonzwa na mimea, kuwa gesi inayopotea angani. Ndiyo maana mbolea ya urea inayomwagwa tu juu ya maji ya jaruba, yaani kitalu cha mpunga chenye kingo, huleta faida ndogo kuliko ile inayofukiwa kwenye tope karibu na mizizi ya mpunga.

Dhana: kila udongo mweusi, au kila mfinyanzi unaonata, ni udongo wa mbuga

Hapa panahitaji subira, kwa sababu ndipo kiini cha uainishaji kilipo. Mfinyanzi si kitu kimoja. Katika udongo mwekundu uliochakaa kwa mvua nyingi za karne na karne, kama ule wa Bukoba ng'ambo ya ziwa, madini makuu ya mfinyanzi ni kaolinaiti, ambayo matabaka yake yameshikana imara na hayaruhusu maji kupenya katikati. Katika mbuga, madini makuu ni smektaiti. Kila tabaka lake lina unene wa takribani nanomita 1, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita, na nguvu inayoyashikanisha matabaka hayo ni dhaifu kiasi kwamba maji huingia kati yake na kuyasukuma mbalimbali. Maji yakitoka, hurudiana. Mwendo huo mdogo, ukirudiwa na chembe zisizohesabika, ndio unaoinua sakafu ya nyumba.

Mfumo wa kimataifa wa uainishaji wa udongo, ambao toleo lake la nne lilitolewa mwaka 2022, una makundi makuu 32, na vertisoli ni mojawapo. Ili udongo uingie humo, kuanzia juu hadi ndani lazima uwe na mfinyanzi usiopungua asilimia 30. Lazima uwe na nyufa zinazofunguka na kufunga kwa misimu. Na ndani ya mita moja kutoka juu lazima paanze tabaka lenye unene wa sentimita 25 au zaidi linaloonyesha dalili za kusuguana. Mfumo wa Marekani nao unautambua kuwa mojawapo ya makundi yake 12, kwa masharti yanayofanana sana na hayo.

Dalili za kusuguana zinaonekana kwa macho. Ukichimba shimo refu mbugani mwezi Agosti na kubandua bonge kwa kisu kutoka ukutani mwa shimo, bonge halimegeki ovyo, bali linaachana katika uso wa mshazari ulio laini, unaong'aa na wenye michirizi myembamba ya upande mmoja. Uso huo umetengenezwa na udongo wenyewe: unapovimba chini huku umebanwa pande zote, vipande vyake huteleza kimoja juu ya kingine mwaka hadi mwaka. Hakuna rangi inayoweza kuchukua nafasi ya ushahidi huo.

Rangi yenyewe imepewa nafasi ya pili tangu zamani. Katika ufunguo wa ramani ya udongo ya dunia uliotolewa na mashirika ya Umoja wa Mataifa FAO (chakula na kilimo) na UNESCO mwaka 1974, vertisoli ziligawanywa mafungu mawili, nyeusi na zenye rangi iliyochangamka zaidi, na zote zikabaki vertisoli. Kwa upande mwingine, ibambasi inaweza kuwa ya kijivu iliyokolea na ngumu kama mbuga, lakini kwa kawaida ina tabaka la juu la kichanga linalokaa ghafla juu ya mfinyanzi ulioshindiliwa, na udongo wa namna hiyo huangukia kwenye planosoli au, sodiamu ikizidi, kwenye solonetsi. Tofauti hii ina uzito shambani, kwa kuwa dawa ya mmoja si dawa ya mwingine.

Dhana: ni tope lililoachwa na ziwa

Karibu kabisa na ufuo yapo maeneo yenye mashapo ya ziwa, lakini mbuga nyingi za Usukumani ziko mbali na juu ya usawa wa maji ya leo, na chanzo chake kiko vilimani. Mvua huozesha mwamba polepole. Chembe nzito za mchanga hubaki karibu na mwamba, huku madini ya silika, kalisi na magnesi yaliyoyeyuka yakisafiri na maji hadi bondeni. Huko maji hayapati pa kutokea, kiangazi cha Juni hadi Septemba huyakausha, na kutokana na mchanganyiko huo smektaiti hujijenga palepale.

Ni katika Afrika Mashariki hii ndipo uhusiano huo ulipopewa nafasi yake katika sayansi. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, alieleza mwaka 1935 kwamba aina za udongo kutoka kileleni hadi bondeni zinapaswa kusomwa kama mnyororo mmoja unaojirudia kila kilima, na wazo hilo linafundishwa duniani kote hadi leo. Mkulima wa Kisukuma mwenye majina tofauti kwa kila sehemu ya mteremko tayari alikuwa na elimu ya namna hiyo, na ninaona ni haki kulisema hilo waziwazi.

Dhana: nyufa ni dalili kwamba ardhi imekufa, na maji mengi ni hakikisho dhidi ya ukame

Nyufa ni sehemu ya uhai wa udongo huu. Vipande vya juu hudondoka ndani yake wakati wa kiangazi na mvua za kwanza za vuli hupenya kupitia humo hadi chini, kabla nyufa hazijafunga na upenyaji kushuka hadi karibu na sifuri. Baada ya hapo maji husimama juu. Ni kweli kwamba udongo huu hushika maji mengi kuliko luseni, lakini sehemu kubwa yake hushikwa kwa nguvu kupita uwezo wa mizizi, hivyo mahindi yanaweza kunyauka katika udongo ambao ukiuminya bado una unyevu.

Dhana: udongo mweusi ni wa pamba

Katika nchi nyingine, hasa India, udongo wa namna hii umelimwa pamba kwa muda mrefu, na jina la “udongo mweusi wa pamba” likaenea katika vitabu. Usukumani pamba imezoea zaidi miteremko yenye udongo mwepesi, kwa kuwa mizizi yake haivumilii maji yaliyotuama. Mbuga imeachiwa malisho na, zaidi na zaidi, mpunga. Majaruba yenye kingo za udongo hutumia hasa ile sifa inayolaumiwa, yaani kutopitisha maji. Kila jaruba hushika mvua iliyoanguka juu yake na ile iliyoshuka kutoka mteremkoni.

Dhana: mchanga utaurekebisha

Hesabu inatosha. Sentimita 20 za juu katika hekta moja ni meta za ujazo 2,000, zenye uzito wa takribani tani 2,600. Ili kupunguza mfinyanzi kutoka asilimia 60 hadi 30 utahitaji mchanga wa uzito uleule, ambao kwa lori la tani 7 ni zaidi ya safari 370. Samadi, mabaki ya mazao na matuta mapana yanayotoa maji ya ziada vina gharama ndogo na vinafanya kazi.

Dhana: saruji nyingi huzuia nyumba kupasuka

Viwanja vya mabondeni huuzwa kwa bei nafuu, na wengi hudhani kwamba kuongeza saruji kwenye msingi kutamaliza tatizo. Kinachopasua ukuta ni tofauti ya unyevu: udongo ulio katikati, chini ya sakafu, hubaki na maji huku ule wa pembeni ukikauka, kisha masika hugeuza mambo. Nyumba nyepesi isiyo na ghorofa huathirika zaidi kwa sababu haina uzito wa kupambana na uvimbaji. Kinachosaidia ni kuuondoa udongo huo na kujaza moramu iliyoshindiliwa, au kuushusha msingi chini ya kina kinachobadilika kwa misimu, na pia kuweka mifereji ya paa, kusogeza karo mbali na ukuta na kutopanda mikaratusi karibu.

Ufa wa udongo wa mbuga kwa kawaida huanzia kwenye pembe ya dirisha au mlango na kupanda kwa mshazari. Kabla ya kumwita fundi, weka alama ya penseli kwenye ncha zake mbili, pima upana wake na uandike tarehe. Ukipanuka kiangazi na kujifunga masika, chanzo kiko ardhini, na lipu itakayopigwa wakati wa mvua itapasuka tena kiangazi kijacho.