Nyonga ya mtoto: mbeleko inasingiziwa, goti linabebeshwa lawama

Bibi mmoja wa Ujiji alikuja kliniki na binti yake na mjukuu wa miezi minne. Mtoto amepakatwa kifuani kama yai. Binti alikuwa amesoma kwenye simu kwamba mtoto asibebwe mgongoni, nyonga zitalegea na matege yatamwingia. "Nimebeba saba kwa mbeleko," bibi akaniambia, "leo ndiyo nimekuwa mharibifu?"

"Mbeleko inaharibu nyonga." Bibi hana kosa. Mtoto akiwa mgongoni, mapaja yametanuka na magoti yamepanda, kichwa cha mfupa wa paja hukaa sawasawa ndani ya kikombe cha nyonga, nacho kikombe hukua kikikizunguka. Mikanda ya Pavlik, wanayofungwa wachanga ambao nyonga imetoka mahali pake, huishika miguu katika mkao huohuo. Tatizo hili ni nadra kwa Waafrika, na wataalamu wengi wanaipa mbeleko sehemu ya sifa. Kinachodhuru ni kumviringisha mtoto kwa nguo miguu ikiwa imenyooshwa na kubanwa. Japani walikuwa na desturi ya namna hiyo. Walipoanza kampeni ya kuiacha katikati ya miaka ya 1970, nyonga zilizotoka zikapungua sana. Matege ni habari nyingine, na hayaletwi na mgongo wa mtu.

Aliyetanguliza matako tumboni au wakati wa kuzaliwa, hasa akiwa wa kike, akaguliwe hata kama anabebwa vizuri. Angalia paja lisilofunguka kama mwenzake, au mguu mmoja mfupi. Kabla ya miezi sita mikanda mara nyingi inatosha. Akigundulika anatembea tayari, akiyumba kama bata, mara nyingi ni upasuaji na hogo (plasta ngumu) la kuanzia kiunoni.

"Ameteguka, mkandeni." Hapa ndipo ninapokosa uvumilivu. Aliletwa mvulana wa miaka mitatu kutoka njia ya Kasulu, mguu mzima unang'aa mawese. Alikuwa amekandwa kwa maji ya moto siku tatu, kwa mapenzi kabisa. Alilala mguu umekunjwa, goti limegeukia nje, na mtu akigusa kitanda tu, si mguu, analia. Homa ilikuwa kali. Ndani ya nyonga kulikuwa na usaha.

Usaha unakula gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, ndani ya siku chache, na mgandamizo wake unabana mishipa inayopeleka damu kwenye kichwa cha mfupa. Dawa yake ni kufunguliwa, kuoshwa na kupewa antibiotiki za mshipa, haraka iwezekanavyo. Yule mtoto homa iliisha. Mguu umebaki mfupi, na kila akibadili viatu fundi anaongeza soli upande mmoja.

Kwa hiyo mtoto mwenye homa asiyetaka kukanyaga apelekwe hospitali leo, usiku ukiwa usiku. Mwenye selimundu ndiyo zaidi. Hupata maambukizi ya mifupa kwa urahisi, na kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kufa kwa kukosa damu. Msimwambie kila mara "ni maumivu yako yaleyale."

"Kuchechemea ghafla ni mkono wa mtu." Mara nyingi ni mafua ya wiki iliyopita. Watoto wa miaka 3 hadi 10 hupata uvimbe mwepesi ndani ya nyonga, na kwa mapumziko na ibuprofeni huisha ndani ya wiki moja au mbili. Lakini aseme hivyo aliyempima, si jirani.

"Anaumwa goti, apakwe dawa gotini." Nyonga na goti zinashirikiana mishipa ya fahamu, kwa hiyo nyonga huumia na goti likalia. Kijana wa miaka 10 hadi 16, hasa mnene, anaweza kuchuliwa goti miezi, na picha ya goti ikatoka safi, kumbe kichwa cha mfupa wa paja kimeteleza. Mlaze chali, mkunje paja kuelekea tumboni. Goti likikimbilia nje, acha hapohapo. Asikanyage tena, hata bodaboda asipande. Abebwe, nyonga zote mbili zipigwe picha. Hutiwa skrubu ili kichwa kisiteleze zaidi.

Wavulana wa miaka 4 hadi 8 wana yao, ugonjwa wa Perthes: damu inakatika, kichwa cha mfupa kinalainika, kisha kinajijenga upya polepole kwa miaka kadhaa. Wengine hupasuliwa, wengi hufuatiliwa tu na kufanyishwa mazoezi. Kazi ngumu ni ya mzazi, maana haumwi kila siku na anautaka mpira. Mpira na kuruka vinasimama. Kuogelea ruksa, na kwa watu wa Kibirizi, hapa Kigoma, ziwa lipo mlangoni, ilimradi mtu mzima awe naye majini.