Kompyuta ndogo ya mezani haitoi sauti? Angalia kwanza inaipeleka wapi

Hizi kompyuta ndogo za mtumba, Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk Mini, Lenovo ThinkCentre Tiny na wenzake, zikikosa sauti wengi hukimbilia kupiga Windows upya. Ni kujichosha bure. Chipu ya sauti, mara nyingi ya Realtek, imechomelewa kwenye madabodi na kufa kwake ni nadra. Mara nyingi sauti ipo, ila inapelekwa mahali pasipo na spika.

Chanzo ni skrini. HDMI na DisplayPort hubeba picha na sauti kwenye waya mmoja, kwa hiyo ukichomeka skrini, Windows inaweza kuihesabu kama kifaa cha sauti na hata kuipa kipaumbele, ingawa skrini yenyewe haina spika. Ndiyo maana tatizo huanza siku ulipobadilisha skrini au waya.

Cheza wimbo wowote, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mmsys.cpl kisha Enter. Kichupo cha kwanza kina orodha ya vifaa vya kutolea sauti, na pembeni ya kila kimoja kuna vijistari vinavyogeuka kijani sauti inapopita. Viangalie hivyo kabla ya kugusa kitu kingine. Vikicheza kwenye jina la skrini, chagua Realtek (ndiyo chipu yako ya sauti) na uifanye chaguo-msingi kwa Set Default, umemaliza. Vikicheza kwenye Realtek na bado ni kimya, Windows imeshafanya kazi yake, hamia kwenye plagi, waya na spika. Visipocheza popote, programu unayotumia ndiyo haitoi sauti: pengine kichupo cha kivinjari kimenyamazishwa.

Realtek haimo kwenye orodha? Bofya kulia mahali patupu na uruhusu vifaa vilivyozimwa vionekane. Isipojitokeza, ingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine yenyewe, mashine inapowaka: F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa Lenovo. Hizi zilikuwa mashine za ofisi, na kuna ofisi zinazozima sauti humo. Kompyuta huuzwa ikiwa hivyo hivyo. Kwenye Dell nyingi utakuta visanduku vitatu: cha sauti yenyewe, cha maikrofoni na cha spika ya ndani. Vyote viwe na alama ya tiki.

Hapo ndipo zamu ya draiva, programu inayoiwezesha Windows kutumia chipu ya sauti, inapofika, si kabla. Bonyeza tena Windows na R, andika devmgmt.msc, ondoa kifaa cha sauti, zima kompyuta na uiwashe. Windows itajaribu kuweka draiva upya yenyewe. Ikigoma, pakua ya modeli yako kwenye tovuti ya mtengenezaji. Dell huitafuta kwa Service Tag, ile namba yenye herufi na tarakimu, jumla 7, iliyo kwenye stika ya kasha. Programu za kukutafutia draiva zote kwa mpigo ziache.

Sasa waya. VGA, ule waya wa skrini wa kizamani, haibebi sauti kabisa, hivyo ukitumia adapta ya kwenda VGA, spika za skrini hazitalia isipokuwa adapta ina tundu lake la milimita 3.5 na umelitumia. Vile vispika viwili vya bei rahisi navyo vina waya mbili: USB ni ya umeme tu, sauti inapita kwenye plagi ya milimita 3.5. Taa ya spika kuwaka si ushahidi kwamba sauti inafika.

Tundu la mbele lenye alama ya hedifoni na maikrofoni pamoja lastahili kutazamwa kwa makini. Plagi ya hedifoni ya simu ina mapande manne: ncha ni sauti ya kushoto, linalofuata ni ya kulia, la tatu ni graundi (njia ya kurudia umeme), la mwisho ni maikrofoni. Isipoingia hadi mwisho, au vumbi likijaa ndani, graundi haigusi, na hapo utasikia jambo la ajabu: ala zinasikika lakini mwimbaji amefifia kama yuko chumba cha pili. Sauti ya mwimbaji huwa sawasawa pande zote mbili, na graundi ikikatika pande hizo hufutana. Puliza tundu, sukuma plagi mpaka ibane. Kiboksi cha Realtek kikiuliza umechomeka nini, ukijibu hedifoni tupu badala ya hedifoni yenye maikrofoni, maikrofoni haitashika.

Mngurumo mzito usiokoma ni wa umeme, ule wa mizunguko 50 kwa sekunde. Chomoa plagi ya sauti kwenye kompyuta. Ukikoma, kompyuta na amplifaya zinagongana erthi. Zichomeke kwenye ekstensheni moja, au weka kichujio cha kutenganisha graundi kwenye waya wa sauti. Usikate pini ya erthi, hata fundi akikuambia ni kawaida. Vispika vya USB vikikoroma, vipe umeme kwa chaja ya simu badala ya tundu la kompyuta.

Kwa kuwa Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi haizikubali mashine zenye prosesa za Intel za kizazi cha 6 na karibu zote za kizazi cha 7, wengi wamehamia Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta. Huko fungua terminal (dirisha la kuandika amri), andika alsamixer, programu ya kurekebisha sauti, bonyeza F6 uchague kadi ya sauti. Safu yenye MM chini imenyamazishwa. Iendee, bonyeza M igeuke OO, kisha pandisha kwa mshale. Kama spika na hedifoni haziimbi pamoja, zima Auto-Mute Mode. Ukisikia “tap” kila sauti inapoanza, chipu inasinzia kuokoa umeme: andika options snd_hda_intel power_save=0 kwenye faili jipya lenye mwisho wa .conf ndani ya /etc/modprobe.d/, kisha washa upya.