Kwa nini mashine kuukuu ya miling hunyooshwa kwa kukwanguliwa na mkono?

Anayenunua mashine ya miling iliyotumika, ile inayochonga chuma kwa kisu kinachozunguka, kwa kawaida huanza na kutu na rangi. Hayo ni mepesi. Kazi yenyewe iko chini ya meza, kwenye njia, yaani zile nyuso za chuma cha kusubu ambazo meza huteleza juu yake.

Chukua Bridgeport, mashine iliyoanza kuundwa mwaka 1938 mjini Bridgeport, Connecticut, na ambayo bado inasakwa sana na wenye karakana za nyumbani Marekani. Kazi nyingi hufanyika meza ikiwa katikati. Vumbi la chuma likichanganyika na oili hula njia papo hapo, huku miisho ikibaki karibu kama ilivyotoka kiwandani. Ndiyo maana ukikaza kabari inayobana meza mpaka isicheze katikati, ukiipeleka mwisho inakwama. Hakuna skrubu ya kuponya hilo.

Mbona isipigwe msasa tu? Msasa hula bila kuchagua, na kingo huisha kwanza: unapata uso unaong'aa wenye mgongo. Fundi hupaka rangi ya buluu, nyembamba mno, kwenye kipande ambacho unyoofu wake umethibitishwa, akakilaza juu ya njia na kukisogeza kidogo. Palipoinuka hushika rangi. Hapo huchukua kikwangulio chenye makali ya kabaidi, ambayo ni ngumu kuliko chuma, akakisukuma kwa uzito wa mwili na kuondoa madoa hayo peke yake, elfu chache tu za milimita kwa mpigo. Anafuta, anapaka tena, anakwangua tena. Mwanzoni madoa ni machache na mapana. Baadaye huwa madogo na mengi, hadi yatapakae uso mzima kama madoa ya kanga. Ni kazi ya kuchosha kweli, na kwangu ndiyo sehemu tamu kuliko zote za ufundi huu.

Vile vishimo vinavyobaki kati ya madoa vina faida: hutunza oili. Nyuso mbili laini kabisa zikibanana huifukuza oili, kisha zikang'ang'aniana.

Lakini kile kipande cha kupimia kilinyooshwa kwa kipi? Mwingereza Joseph Whitworth aliieleza mbinu ya kunyoosha mabamba ya aina hiyo mjini Glasgow mwaka 1840, ingawa mafundi waliomtangulia walishaanza kuitumia. Mabamba mawili yakikwanguliwa yalingane, huenda moja limebonyea na jingine limevimba, na bado yakashikana vizuri. Ongeza la tatu. Likilingana na lile lililobonyea, nalo limevimba. Basi likikutanishwa na lililovimba, yatagusana katikati tu na kosa litaonekana. Yanakwanguliwa kwa zamu, yakigeuzwa pande zote, na yote matatu hayawezi kulingana mawili mawili mpaka kila moja liwe bapa.