Sabuni na brashi ya kunyolea: lawama nyingi ni za maji

Watu kadhaa ninaowajua walinunua sabuni ya kunyolea na brashi, wakavitumia wiki moja, kisha vikaishia juu ya kabati. Ukiwauliza kulikoni, wanalaumu sabuni, au brashi, au ngozi zao. Mimi nanyoa hivi mwaka wa sita sasa, na karibu kila nilipomwomba mmoja wao anionyeshe anavyofanya, kosa lilikuwa kwenye maji.

Dhana: "Sabuni ni sabuni, hata ya kuogea inafaa."

Haifai. Sabuni ya kipande ya kuogea hupikwa kwa mafuta na kostiki soda. Ya kunyolea huongezwa potashi, inayoifanya iyeyuke upesi, na huwekewa mafuta yenye asidi ya steariki kwa wingi, ambayo hulipa povu uzito. Paka povu la sabuni ya kuogea mashavu yote mawili: kabla hujamaliza la kulia, la kushoto limeshakauka na wembe unakutana na ngozi tupu.

Dhana: "Povu likijaa uso, limeiva."

Mapovu makubwa ni hewa, na hewa haimlindi mtu na wembe. Kinachoutelezesha wembe ni maji yaliyoshikwa na sabuni. Chovya brashi, ikung'ute mara mbili, izungushe juu ya sabuni nusu dakika mpaka ncha zake zishike uji mzito unaonata. Wengi huishia hapo, wakaupaka, wembe ukakwama. Hamia kwenye bakuli, uongeze maji matone mawili matatu kwa wakati, huku unazungusha. Mwanzoni povu ni jeupe na kavu. Ukiendelea vitundu vinapotea, mwishowe linang'aa kama mtindi uliotoka kupigwa. Hapo chukua kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada, usugue. Vidole vikiteleza, nyoa. Vikinata, bado lina kiu. Likichuruzika umezidisha maji, rudisha brashi kwenye sabuni.

Dhana: "Povu likikataa, umeuziwa sabuni feki."

Hili lilinipata nilipohamia nyumba ya maji ya kisima. Sabuni ileile, brashi ileile, mkono uleule, lakini asubuhi ya kwanza nilipata kitu kama maziwa yaliyokatika, na utando wa kijivu ukaganda pembeni mwa bakuli. Nilikaribia kuitupa ile sabuni. Jioni nilipoosha birika nikauona ukoko mweupe ndani yake, ndipo nikaelewa. Maji yale yalikuwa magumu: yana kalsiamu na magnesi, na madini hayo hukamata sabuni kabla haijawa povu. Sehemu kubwa ya pwani yetu, Unguja na Mombasa zikiwemo, imekaa juu ya mawe ya matumbawe, ambayo ni chokaa, kwa hiyo maji ya visima vya huku mara nyingi huwa hivyo.

Kujua ni rahisi. Tia maji yako nusu chupa safi, kwangulia sabuni kidogo, tikisa. Povu likiwa haba na maji yakageuka ya ukungu, ni magumu. Dawa ni kuongeza sabuni, au kuchemsha maji, yapoe na ukoko utuame, maana ugumu wa aina moja hutoka kwa kuchemsha. Bora kuliko vyote ni maji ya mvua. Kunyoa kote kunataka vikombe viwili tu, na dumu moja lililokingwa masika linakupeleka miezi.

Dhana: "Lazima maji ya moto."

Ya baridi yanatoa povu vizuri. Ya uvuguvugu yanapendeza, basi. Muhimu ni ndevu zikae na maji dakika mbili tatu kabla ya wembe, kwa kuwa unywele uliolowa hukatika kwa nguvu ndogo zaidi kuliko mkavu. Nyoa ukitoka kuoga.

Dhana: "Brashi nzuri ni ya manyoya ya mnyama."

Za asili zipo: za badger, mnyama wa familia moja na nyegere, za farasi, na za nguruwe. Za nguruwe huwa rahisi, na Waislamu wengi hununua bila kujua. Ukiona neno "boar" kwenye boksi, ndiyo hiyo. Za nyuzi za kutengenezwa kiwandani siku hizi ni nzuri kweli, hazihitaji kulowekwa kama za nguruwe na hukauka haraka. Anayeanza namshauri aanze na hiyo, awe na dini yoyote.

Dhana: "Ukitumia sabuni na brashi, vipele vinaisha."

Natamani ingekuwa hivyo. Ndevu zetu zimejipinda. Unywele ukikatwa, ncha yake hujikunja na kurudi kuichoma ngozi. Ukikatwa chini ya usawa wa ngozi, huchoma ukiwa bado ndani. Povu zuri linapunguza mikwaruzo, lakini ukinyoa kinyume na uelekeo wa ndevu huku umevuta ngozi, vipele vitakuja. Fuata uelekeo, acha kuvuta, usikandamize wembe, ridhika na kidevu kinachokwaruza kidogo ukikigusa. Spiriti inayopakwa baada ya kunyoa haiuzuii unywele kujikunja. Vipele vikitoa usaha au vikiacha makovu, pumzisha wembe na umwone daktari wa ngozi.

Dhana: "Wembe unafanya ndevu ziote nene."

Mildred Trotter, mwanaanatomia wa Marekani, alilichunguza jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka 1928: kunyoa hakubadilishi unene wala kasi ya kuota. Ncha iliyokatwa ni butu, ndiyo maana mkono unaihisi nene.

Dhana: "Brashi inaweza kutumiwa na watu wawili."

Wembe hutoa damu usiyoiona, na brashi inapita palepale. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia watu walipata kimeta kutokana na brashi za manyoya ya farasi ambayo hayakusafishwa vizuri kiwandani. Hatari hiyo ya kiwandani imepita, ila ya kuchangia ipo. Ukimaliza suuza yako mpaka maji yatoke safi, ikung'ute, iache penye hewa, kamwe usiifungie kwenye kopo ikiwa mbichi. Nikienda kwa kinyozi nabeba yangu, ikiwa kavu, na sijawahi kukutana na kinyozi aliyekasirika.